Shahamu

Usiku wa kumi na saba wa Ramadhani
tulifungua chemba ya kumi na nne, Hail Kaskazini.
Anwarul kateremsha kipimo cha hewa kwanza,
taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa ukweni.
Kipimo kikanyamaza. Tukainama.

Maji yamesimama. Juu yake
kitu cheupe, kinene, kimeushika ukuta
kama ukoko uliokataa mwiko.
Miaka sita nakiona, sijapata kukizoea,
kwa sababu hakinuki uozo peke yake:
chini ya yai viza
ipo bizari, ipo iliki,
ipo samli ya mtu.

Uto ukiwa wa moto ni mgeni mpole,
huteremka karoni bila kubisha hodi.
Hatua ishirini mbele hukutana na baridi,
hukaa.
Kesho huja mwenziwe, akamkalia magotini.
Unywele, tambi, kitambaa alichofutiwa mtoto,
kila kipitacho kinapata pa kushika,
hata bomba linalomeza kichwa cha mtu
libakiwe na tundu la finjani.

Tukalipiga maji ya kasi. Bonge likakatika
kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.
Kipande nikakihifadhi katika mfuko wa sampuli.
Daku tulikula ndani ya lori;
Anwarul alikataa sambusa.

Kisha tukaufuata juu, chemba kwa chemba,
na kamera yetu yenye magurudumu.
Ya msikiti: safi, maji ya udhu tu.
Ya duka la shawarma: hapo nilikwisha toa kalamu.
Mtego wao wa mafuta umesuguliwa juzi,
risiti imebandikwa ukutani,
na yule kijana wa Kerala akanitazama kwa huruma.
Ya uchochoro wa nyuma: nyeupe.
Niliujua uchochoro ule kabla taa haijaufikia.
Mlango wa buluu. Kizingiti nilichovunjia jino.

Shangazi yangu, Bi Muzna:
sambusa mia mbili kila alasiri,
za msikiti, za majirani, za mafundi wa jengo jipya,
na hauzi hata moja.
Thawabu zote zile, na karo moja.

"Namimina na maji ya moto, na sabuni. Yanakwenda."
"Yanakwenda wapi, shangazi?"
Akaashiria kwa kidevu: huko.
Huko ndiko nilikotoka mimi,
na suruali yangu ilikuwa shahidi.

Fomu zetu zimeandika hoteli, mkahawa, karakana.
Hazina kisanduku cha futari.
Nikautoa mfuko, nikauweka mezani,
mbali kidogo na kaimati.

Sikutarajia atakachofanya.
Alivaa miwani. Alifungua. Alinusa,
na saumu yake, bila kukunja uso.
"Hii ya juu si yangu. Hii samli ya Ghaniya.
Mimi samli nimeiacha tangu daktari anikataze."
Akageuza kipande kwa ncha ya kisu.
"Yangu hii hapa, ya manjano. Hii nyekundu, pweza wa nyumba ya pili.
Na huu mstari mnene..." akasita, akacheka,
"huu Shaabani. Harusi ya Rayya. Tulikaanga siku tatu."

Mimi na vyeti vyangu vya Maskati
nilikuwa nimeona uchafu tu.

Leo, saa moja kabla ya adhana,
nimepita na gari langu. Nje ya mlango wa buluu
kopo la maziwa ya unga, limejaa uto, limefunikwa sahani.
Mlango wa pili, kopo. Wa nne, ndoo ya rangi, pomoni.
Gari zima linanuka bajia, na mimi nina njaa.

Mlangoni kwa Bi Ghaniya hapana kitu.
Asema yeye hatumii mafuta mengi.